Fisi Niliyemwacha Mtoni

Ninachotafuta ni "ee" moja ya mke wangu. Nimeona niseme hivyo mapema, kwa sababu mimi nikianza kusimulia napitia vichochoro vingi, na mtu anaweza kudhani nimesahau nilikokuwa nikienda. Sijasahau. Mke wangu alifariki wakati wa masika, mwaka wa tatu sasa unaingia. Picha zake ninazo. Nguo zake binti zake waligawana. Kikombe chake kiko. Sauti ndiyo sikuwa nayo, na ni ajabu, maana sauti hiyo iliwahi kusikika kutoka kwetu Kombewa mpaka Pap Onditi, kila Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye redio.

Ngoja nieleze hiyo "ee". Kwetu ukitoa sigana, hadithi zile za sungura na fisi na wasichana waliokataa wachumba, husemi peke yako. Unasema kidogo, unanyamaza, na aliyekaa mbele yako anajibu, "Ee." Ndipo unaendelea. Asipojibu, huendelei. Labda amelala, labda amekasirika, labda umekosea mahali. Bibi yangu aliyenilea alikuwa mkali kwa jambo hilo. Akikosa kujibiwa anageukia sufuria yake na hadithi inafia hapo hapo. Kuna hadithi moja ya mamba ambayo mpaka leo sijui iliishaje, kwa sababu binamu yangu alikuwa anatafuna muwa badala ya kujibu. Binamu huyo sasa ni mzee kama mimi na bado sijamsamehe vizuri.

Shule nilifika darasa la tatu. Kiswahili hiki nilikipata bandarini Kisumu, nikibeba magunia, na kuandika nilijifunza zaidi nikiwa mtu mzima, kwa kunakili nyimbo za kanisa. Kwa hiyo mkiona sentensi inachechemea, mwenyewe pia nachechemea. Lakini hadithi nilikuwa nazo. Siku moja kwenye matanga Kombewa, mchana, watu wakingoja chakula, nikawa natoa hadithi ili watoto wasizungukezunguke masufuria, na mtu mmoja wa stesheni ya redio ya Kisumu alikuwa pale. Akaniambia, "Jaduong'," yaani mzee, "wewe unatakiwa studio." Mimi nikadhani ananitania. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimekaa mbele ya maikrofoni, nimevalishwa hedifoni, nikimwangalia fundi wa mitambo upande wa pili wa kioo.

Fundi huyu nitamtaja sana, kwa hiyo mumjue. Wazazi wake walitoka Kenya ya kati wakaja kuuza nguo soko la Kibuye, na yeye amekulia Kisumu. Dholuo chake, lugha yetu, ni cha soko: anajua bei na anajua matusi, katikati hapo hajui kitu. Ni mtu mpole mwenye masikio makali. Akisikia gari linapita nje anaweza kukwambia ni nati gani imelegea.

Siku ile ya kwanza tulikuwa tunaenda hewani moja kwa moja. Taa nyekundu ikawaka. Nikawasalimu watu, nikasema kwa Dholuo, "Hapo zamani sungura alitaka kuoa." Kisha nikanyamaza.

Hakuna aliyejibu.

Nikangoja. Nikamwangalia fundi. Fundi akaanza kupunga mikono kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama. Mimi nikaona huyu hana adabu, nikazidi kungoja. Basi mara hedifoni ikaanza kuimba! Tangazo la mbolea, lenye kwaya na kinanda. Nikashtuka nikavua ile kitu kichwani. Fundi akaingia mbio.

"Mzee, usinyamaze! Ukinyamaza mashine inafikiri tumekufa. Inapiga matangazo yenyewe."

"Nangoja wajibu."

"Nani hao?"

"Wenye wanasikiliza."

"Wako nyumbani kwao, Mzee. Hata wakijibu hutasikia."

"Sasa nitajuaje hawajalala?"

"Saa nne asubuhi?"

Nikaendelea siku hiyo, lakini hadithi ilitoka kavu kama ugali wa jana. Sikuweza. Kusema na hakuna mtu ni kama kupanda ngazi halafu unakanyaga mahali ambapo ngazi imekwisha. Jumamosi iliyofuata nilikwenda na mke wangu.

Hakutaka. Alisema ana kuku wa kuangalia. Nikamwambia kuku hawatahama. Akavaa kitambaa chake cha kanisa, akaja, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Fundi akataka kumpa maikrofoni yake. Akakataa. "Mimi sikuja kuongea," akasema. "Nimekuja kuitikia."

Na akaitikia. "Ee" yake ilikuwa na tabia moja: ilikuwa inawahi. Mdomo wangu haujafunga, yeye ameshaingia. Watu wengine wanaitikia baada ya kusikia. Yeye aliitikia kwa sababu alijua neno linalokuja. Na alijua kwa sababu, niseme ukweli hapa ambapo hakuna wa kunikatiza, nusu ya hadithi zile zilikuwa zake. Alikuja nazo kutoka kwao akiolewa, pamoja na vyungu viwili. Redioni sikusema hivyo hata siku moja. Mtangazaji wa kipindi alikuwa ananiita "ghala la hadithi," na mimi nikawa natabasamu.

Sasa mtu atauliza, mama amekaa mbali na maikrofoni, amesikikaje mpaka Pap Onditi? Hapo ndipo nilipoanza kupenda mambo ya sauti. Fundi alinionyesha mashine moja, sanduku la chuma lenye taa zinazopanda na kushuka. Sauti zote za stesheni zinapita humo kabla ya kwenda kwenye mnara. Akaanza kunieleza kwa Kiingereza, akaona macho yangu, akaacha. Akaeleza tena kwa Kiswahili. Nikamwambia, "Nimeelewa. Ni gorogoro."

"Gorogoro gani?"

"Mama wa mahindi akijaza gorogoro, anapitisha kijiti juu. Kilichozidi kinaanguka. Kilichopungua anaongeza mpaka kifike mdomoni mwa mkebe. Kila mnunuzi anapata sawa."

Alicheka mpaka akakaa. Lakini ndivyo ilivyo. Mtangazaji anayepiga kelele anasukumwa chini, mzee mwenye sauti ndogo anavutwa juu, ili anayesikiliza akiwa jikoni, mafuta yakilia kwenye kikaango, asikose neno. Na mashine hiyo haipendi pengo. Nikinyamaza tu, inaona gorogoro limepungua, inaanza kuvuta chochote kilicho ndani ya chumba: feni, kiti, pumzi yangu. Na mke wangu. Kila nikinyamaza, ilikuwa inakwenda kumchukua kule mlangoni inamleta mbele. "Ee" yake ilitoka kubwa kama maneno yangu, na nyuma yake feni inavuma kama upepo wa ziwani. Mimi niliisikia kwenye hedifoni, karibu kabisa na sikio, kama vile anaegemea bega langu. Nyumbani hakuwahi kukaa karibu hivyo. Sisi hatukuzoea mambo hayo.

Tukaenda hivyo zaidi ya mwaka. Halafu ikaja Jumamosi ya fisi.

Hadithi ni hii, kwa ufupi. Sungura anaoa. Wanyama wote wanapewa kazi ya harusi. Fisi anapewa kibuyu achote maji mtoni, lakini sungura ameshatoboa kibuyu chini, ili fisi ashinde huko akichota maji yasiyojaa na wenzake wale nyama kwa raha. Nilikuwa naisimulia vizuri, hilo nalijua. Nikafika kwenye harusi, nyama inagawanywa, ngoma inapigwa, na fundi akaniinulia vidole viwili kuonyesha dakika zimebaki mbili. Nikaona nifunge hapo hapo kwenye ngoma. Nikafunga. Nikanyamaza, nikingoja "ee" ya mwisho.

Mke wangu akasema, "Na fisi je?"

Mashine ikamvuta vizuri kabisa. Nyanza nzima ikamsikia. Mimi nikasema, "Ee, basi, tukutane Jumamosi."

Akarudia, sasa kwa sauti ya mtu anayeulizia mbuzi wake. "Fisi umemwacha mtoni. Hajarudi."

Mtangazaji akaangua kicheko hewani. Tangazo likaingia.

Sijui nieleze vipi wiki iliyofuata. Nikishuka Kisian kununua dagaa, mama wa dagaa anazifungia kwenye gazeti na kuuliza, "Jaduong', fisi amerudi?" Vijana wa bodaboda wakiniona kwa mbali wanapiga honi: "Mzee, tukupeleke mtoni? Kuna mtu anakungoja huko!" Kanisani, mzee mmoja wa kanisa, mtu mwenye kitambi na heshima, aliniambia nimwombee fisi. Wote walikuwa wakicheka kwa mapenzi. Leo naliona. Siku zile niliona tu kwamba mwanamke amenisahihisha mbele ya kaunti nzima, na tena, hii ndiyo iliuma zaidi, kwamba alikuwa sawa. Hadithi ile ilikuwa yake. Nilikuwa nimesahau mwisho wa hadithi ya mtu.

Nyumbani sikumwambia kitu. Nilimwambia fundi.

"Mama anaharibu kipindi," nikasema.

"Mama? Watu wanampenda, Mzee. Simu zote ni za fisi."

"Mfunge."

Akanikazia macho. "Nimwambie asije?"

"Aje. Lakini asisikike."

Fundi akakuna kichwa. Akasema kuna kitu kinaitwa mlango. Unaiambia mashine: sauti kubwa ikija fungua, sauti ndogo ikija funga. Mzee akiongea, maikrofoni iko wazi. Mzee akinyamaza, imefungwa, na huko ndani hakuna feni, hakuna kiti, hakuna mama. Akanionyesha. Nilisema neno, nikanyamaza, na kwenye hedifoni kukawa kimya cha kaburi. "Safi," nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo. Kuanzia hapo tukaacha pia kwenda moja kwa moja. Tukawa tunarekodi Ijumaa, na kompyuta ikawa inakata vile vinyamazio vyangu ili hadithi itoshee kati ya matangazo.

Mke wangu aliendelea kuja. Wiki nne, labda tano. Alikaa kwenye kiti chake, alivaa kitambaa chake, aliitikia kila mahali pake. Mimi nilikuwa na hedifoni masikioni. Nilikuwa naona midomo yake ikisema "ee" na sisikii kitu. Hilo ndilo linanirudia nikiwa nafanya kazi nyingine kabisa, nafunga ng'ombe, nakunywa chai. Naona midomo.

Kipindi kilirudiwa Jumatano alasiri. Kwa kawaida siku hiyo hatukuwa na nafasi ya redio, lakini Jumatano moja mvua ilitufungia ndani, na yeye akaiwasha, akakaa chini na ungo wa njugu, akimenya. Nikasikia sauti yangu inatoka. Nikataka kuinuka nizime, nikashindwa kupata sababu. Alisikiliza. Mahali pa kwanza pa "ee", sauti yangu ikapita moja kwa moja, bila hata kupumua. Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Mahali pa pili, vilevile. Hakuniangalia. Akaendelea kumenya, sasa polepole, mpaka kipindi kikaisha. Akasema, "Redio siku hizi ni safi."

Ijumaa iliyofuata akasema goti linamuuma. Hakuja tena. Na mimi, kwa aibu au kwa kiburi, havijawahi kukaa mbali, nilimwambia apumzike.

Tukaishi miaka mingine mitatu. Sitaki mfikiri ilikuwa miaka mibaya. Tulilima, tulizika watu, tulicheka. Lakini nyumbani nikitoa hadithi kwa wajukuu, yeye alikuwa jikoni. Halafu presha ikampata, hospitali ya Kombewa, kisha Kisumu, kisha nyumbani na maua ya karatasi.

Nilianza kuugundua ukimya kwa njia ya kijinga. Nilikuwa nikisema kitu ndani ya nyumba, kwa mfano, "Hii chumvi imeisha," halafu nanyamaza, nangoja. Miaka hamsini alikuwa anasema "ee" kwa chumvi pia, kwa mvua, kwa kila kitu, na mimi sikuwahi kujua kwamba nangoja. Nikajaribu kuikumbuka ile sauti. Inakuja, halafu nikiisikiliza sana inageuka inakuwa ya binti yangu, au ya jirani. Hapo ndipo niliogopa. Nikavaa koti nikaenda stesheni.

Fundi amenenepa na ana miwani, lakini ni yule yule. Nikamwambia, "Nataka mama. Ile ya kabla hujaweka mlango."

"Mzee, zile za moja kwa moja hatukuhifadhi. Marudio yakishapita tulikuwa tunafuta. Kompyuta ilikuwa ndogo."

"Na za baadaye? Alikuwepo chumbani. Aliitikia. Nilimwona."

"Mlango ulikuwa umefungwa."

"Basi fungua sasa. Kama umefagia kitu, takataka ziko nyuma ya nyumba."

"Si kufagia," akasema, na aliongea taratibu kama daktari. "Ukifagia, kitu kipo mahali. Mlango ukifunga, ile sauti haijaingia popote. Haikuandikwa. Haiko, Mzee."

Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki. Bado wanacho. Fundi aliniletea chai, nayo ikapoa. Kisha akasema jambo ambalo sikulifikiria: "Sisi hatuna. Lakini watu je?"

Ikatangazwa hewani. Kama kuna mtu aliyerekodi nyumbani kwake hadithi ya harusi ya sungura, apige simu. Walipiga wengi, na hakuna aliyekuwa nayo. Walikuwa wanataka tu kuuliza kama fisi amerudi. Mimi nikawa nawajibu, "Bado." Siku ya tatu akapiga mama mmoja wa Pap Onditi. Alisema marehemu mume wake alikuwa anayo kwenye simu, lakini simu hiyo haitoki nyumbani. Anayeitaka aje.

Nikaenda. Ni mjane wa umri kama wangu, analima mpunga, mikono mikubwa. Aliniwekea kiti, akaniangalia sana.

"Kumbe wewe ndiye ulimwacha fisi," akasema. "Nilidhani ni mtu mrefu."

"Nilikuwa mrefu," nikasema.

Akacheka, akaingia ndani, akatoka na simu iliyopasuka kioo, imefungwa kwenye leso. Akaeleza. Yeye ni Msabato, Jumamosi saa nne yuko kanisani. Mume wake alikuwa mkaidi wa kanisa, anabaki nyumbani. Kwa hiyo alikuwa anaweka simu mezani kando ya redio, anamrekodia mkewe hadithi aisikilize jioni Sabato ikiisha. "Dhambi iwe yake," mama akasema, "mimi nasikiliza tu." Alikuwa anafuta ya zamani kila wiki kupata nafasi. Ile ya fisi alikataa kufuta.

Akabonyeza. Kwanza kuku. Halafu redio, kwa mbali, kama iko ndani ya debe. Halafu mimi: "Hapo zamani sungura alitaka kuoa."

"Ee."

Ilikuwa imewahi. Mdomo wangu haukuwa umefunga.

Sikulia. Niliangalia kuku wa pale uani, nikawahesabu, wakawa saba, nikawahesabu tena. Na baada ya ile "ee", ikaja nyingine, nzito, ya mwanamume, karibu kabisa na simu. "Eeee." Mjane akagusa simu kwa kidole kimoja. "Huyo wangu," akasema. "Anachelewa. Alikuwa anachelewa kila kitu."

Tukasikiliza yote. Mimi nasema, wangu anawahi, wake anachelewa. Tukafika kwenye harusi, ngoma, na mke wangu: "Na fisi je?" Yule mzee wa Pap Onditi akapiga meza kwa nguvu mpaka simu ikaruka: "Kweli kabisa! Fisi je?" Kicheko chake ndicho kilimaliza.

"Aliuliza hivyo mpaka akaenda," mjane akasema. "Hata akiwa kitandani, akitaka maji, ananiambia, nimtume fisi?" Akafunga leso. Akaruhusu mkaza mwana wake aitume ile sauti kwa simu ya fundi. Simu yenyewe aliirudisha ndani.

Kule studio fundi aliicheza kwenye spika kubwa. Alisikiliza macho yamefungwa. Dholuo cha hadithi hakijui, lakini ilipofika kwenye fisi alicheka, kwa sababu neno letu la fisi analijua, ni tusi la soko. Akasema, "Siku hizi kuna kitu kipya, Mzee. Naweza kuondoa kuku. Naweza kuondoa yule mzee. Nikuachie mama peke yake, safi."

Ningependa kuandika hapa kwamba nilikataa. Nilisema, "Ondoa."

Akafanya, kama robo saa. Akaicheza. Kuku hawakuwepo. Mzee wa Pap Onditi hakuwepo, meza haikupigwa. Mke wangu alikuwepo, na alikuwa kama mtu anayeongea ndani ya mtungi wa maji, kingo zake zimeliwa, na mahali ambapo "ee" zao ziligusana, nusu ya yake ilikuwa imekwenda na ya yule mzee. Nikamfikiria mjane na kidole chake kwenye simu. Nikaona kwamba nimekaa kwenye kiti kile kile, naagiza mtu afungiwe nje, kwa mara ya pili, na huyu hata hajanikosea. Yeye alinihifadhia mke wangu.

"Warudishe," nikasema.

"Wote?"

"Na kuku."

Akarudisha. Ninayo sasa kwenye memori kadi, ndani ya redio yangu ndogo, na inavuma na inakwaruza na ni yao wote. Nikamwambia fundi, "Nina ombi jingine. Jumamosi nataka kwenda moja kwa moja. Bila mlango. Na usinikate ninapokaa kimya."

"Hadithi gani?"

"Unajua gani."

Alifikiri. "Ile ya kukatika hewani siwezi kuizima, Mzee. Iko kule kwenye mnara. Ukikaa kimya sana itapiga tangazo."

"Ipige."

Jumamosi saa nne niliketi. Kiti cha plastiki niliomba kibaki karibu na mlango, na hakuna aliyeniuliza. Taa ikawaka. Kwanza nikasema hadithi hii si yangu, ni ya mke wangu, alikuja nayo kutoka kwao. Kisha nikaanza. Kila mahali pake nilinyamaza, si sana, kiasi chake, na mashine ikawa inavuta: feni, kiti, pumzi yangu. Nilipita harusi, nikapita nyama, nikapita ngoma. Sikumwangalia fundi wala vidole vyake.

Nikasema, "Na fisi, huko mtoni, alichota maji yakamwagika, akachota yakamwagika, mpaka jua likageuka. Ndipo akageuza kibuyu akaona tundu. Akachukua tope la ukingoni akaziba. Akachota, yakajaa. Akajitwika, akapanda kilima polepole asimwage hata tone. Alipofika, watu walikuwa wametawanyika. Nyama imekwisha. Ngoma zimefungwa. Akaweka maji chini, akaokota mifupa, akala, akaona ni mitamu. Mpaka leo anakula mifupa. Fisi amerudi."

Nikanyamaza.

Fundi hakupunga mkono. Alikuwa amevua miwani. Kwenye hedifoni feni ikaanza kupanda, ikawa kubwa, ikawa upepo mtupu, na mimi nikakiangalia kile kiti, nikangoja, nikangoja, mpaka kwaya ya mbolea ikaanza kuimba yenyewe.